Je, Kukata Namba ni Kusema Uongo?

Chukua vikokotoo viwili vya mkononi. Gawa 1 kwa 3, kisha zidisha jibu kwa 3. Kimoja chaweza kuonyesha 0.9999999, na cha pili 1. Wanafunzi hukisifu hiki cha pili. Lakini nacho hakikuipata theluthi kamili. Kimeficha ndani yake tarakimu mbili tatu zaidi ya zile zinazoonekana, kisha kikalikadiria jibu kabla ya kulitoa hadharani. Ni kipi basi kisemacho kweli?

Naona swali hilo limewekwa vibaya. Theluthi haina mwisho, na chombo kina nafasi za kuhesabika; kukata hakuepukiki. Hata namba ipi ikatwe hutegemea jinsi chombo kinavyohesabu. Vikokotoo vingi huhifadhi kila tarakimu peke yake, kwa alama nne za 0 na 1, kwa hiyo sehemu moja ya kumi hukaa humo kamili. Kompyuta ihesabuyo kwa mbili mbili tu haiwezi kuimaliza: sehemu ya kumi kwake ni kama theluthi kwetu. (Nasi twaiona rahisi kwa kuwa tuna vidole kumi!) Atakayeuita upungufu huo uongo, na amlaumu pia mwalimu aandikaye ubaoni 3.14.

Uongo, kama upo, huingia pale ajuaye kwamba namba imekatwa asiposema madhara yake yafika wapi. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kulizuia kombora la Iraki, na askari 28 wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na kompyuta yake ilikuwa na nafasi 24 tu za kuiandika sehemu hiyo. Upungufu ulikuwa mdogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 100, nao ukalimbikizana hata ukafikia kiasi cha theluthi ya sekunde, muda ambao kombora lile hupita zaidi ya nusu kilomita.

Siku chache kabla yake, watumiaji walikuwa wameonywa kwamba kuuendesha mtambo kwa muda mrefu sana kungeweza kuleta kasoro. Muda mrefu ni saa ngapi, hawakuambiwa. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran tarehe 26.