Je, Mzee Anatunzwa kwa Simu?



Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Je, sauti ya mbali inaweza kumtunza mzee? Swali hili lilitufikia mlangoni mwaka 2020, na mpaka leo halijaondoka.

Kabla ya hapo wazee wetu hapa Kyebando walikuwa wakikutana kanisani mchana, vijana wakiwa wamekwenda Kalerwe kutafuta riziki. Walikunywa uji, wakaulizana hali, wakacheka kwa lugha za nyumbani. Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona, na magari ya abiria yakasimama. Hata bodaboda ziliachiwa mizigo tu. Basi tuligawana namba za simu, kila mmoja na wazee wake, tukaanza kupiga.

Tunakiri kosa letu. Mama mzee mmoja alitujibu siku sita mfululizo, "Niko salama, Mungu ni mwema." Nasi tukaandika "salama" katika daftari. Siku ya saba mjukuu wake alitunong'oneza kwamba bibi haondoki kitandani, na vidonge vyake vya presha vimekwisha. Bibi hakuwa mwongo. Kwetu mtu mzima hajibu salamu kwa malalamiko, na mkimbizi amezoea kuogopa kumchosha anayemsaidia. Kosa lilikuwa katika swali letu: tuliuliza ili turidhike. Mama huyo alipona, lakini sisi tuliona haya.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili, anamkemea anayemtakia heri mwenye njaa bila kumpa kitu. Simu inaweza kuwa heri ya namna hiyo. Lakini Paulo naye alitunza makanisa akiwa kifungoni, kwa barua. Tofauti iko wapi? Barua zake zilikuwa na miguu. Tikiko alikwenda kwa Wakolosai, Epafrodito alitoka Filipi na msaada akarudi na habari. Basi sauti ya mbali si dhambi. Dhambi ni sauti isiyo na miguu.

Mwaka huohuo wa 2020, katika jimbo la California huko Marekani, vituo vya kutunza wazee mchana viliruhusiwa kuwahudumia wakiwa majumbani, kwa simu na kwa kuwapelekea chakula na mahitaji mlangoni. Tangu Oktoba 2022 njia hiyo imebaki kwa wakati wa dharura tu. Hata wenye mali waliona kwamba simu peke yake haitoshi.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni hizi:

1. Tuzungumze na mzee mwenyewe, kwa lugha anayoisikia vizuri, si na mjukuu peke yake.

2. Tusiulize "U salama?" tu. Tuulize: Umekula nini leo? Vidonge vimebaki vingapi? Nani alilala nyumbani jana?

3. Kabla ya kupiga, tujue ni nani atakayekwenda ikiwa jibu ni baya.

4. Siri ya mzee ni yake. Tusiisome mbele ya watu kwa jina la maombi bila idhini yake. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za mtu inataka idhini.

5. Tumwombe naye atuombee na kutushauri. Mzee si mzigo wa kuhesabiwa kila asubuhi.

6. Njia ikifunguka, twende.

Wengine watasema, "Sisi ni maskini, nauli hatuna." Ni kweli. Lakini anayepiga simu si lazima awe ndiye anayetembea. Mwenye salio apige, na jirani wa nyumba ya pili abishe hodi. Ndiyo maana Mungu alitupa kanisa, si namba za simu tu.

Yohana, mwishoni mwa waraka wake wa pili, alikuwa na mengi ya kuandika, akaona afadhali aje waonane uso kwa uso, furaha yao ikamilike. Wiki hii tumwulize mzee mmoja amekula nini. Kisha tunyamaze, tusikilize, na viatu viwe karibu.

Bwana awabariki.