Folda Moja, Wenyewe Wawili

Kuna swali limenikaa kichwani siku nyingi: mtu anayepanga vitu ndani ya boksi ambalo wewe hutalichungulia kamwe, ana wajibu gani kwako? Utasema kijana huyu kaishiwa mada. Subiri kwanza.

Sisi wa Tunduma tunaishi kwa maboksi. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yanapita kwetu yakiwa na lakiri, na tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, mzigo unakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini tazama jambo dogo. Sufuria, jiko na blanketi la utingo havitupwi ndani ya kontena la mwenye mzigo. Vina mahali pake. Mali ya msafirishaji na mali ya mwenye mali hazichanganywi. Hakuna anayeliita jambo hilo falsafa. Mimi naliita.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Vijana wa mjini siku hizi wanatengeneza programu za wavuti: za duka, za zahanati, za shule. Zinafunguka kwenye kivinjari kama tovuti, lakini kwa kuwa intaneti haiaminiki, nyingine zinawekwa kwenye kompyuta ya mteja mwenyewe. Ili mteja asihangaike, fundi anamtengenezea kisakinishi: faili moja tu, unabofya, lenyewe linafungua furushi na kuweka mafaili mamia kila moja mahali pake. Nani kaamua lipi liende wapi? Fundi, usiku, peke yake. Ndiyo maana nasema hapo pana maadili. Hakuna anayemwona.

Kuna mama mmoja hapa mjini, anauza mchele na sembe kwa jumla. Ndani ya programu ya namna hiyo aliandika madeni ya wateja wa pande zote mbili za mpaka, wengine kwa shilingi, wengine kwa kwacha. Najua kwa sababu nilikuwa nikimsaidia kuingiza hesabu. Waliomtengenezea wakamletea toleo jipya kwenye flashi. Likabofywa. Kumbe daftari lote la madeni lilikuwa faili moja ndani ya folda ileile ya programu, na kisakinishi kilikuwa kimeamriwa kufuta folda ya zamani kwanza, ndipo kiweke mpya. Rangi zikapendeza, vitufe vikang'aa. Madeni: sifuri.

Mafundi wakasema, "Mama, si ungeweka bakapu?"

Hoja hiyo siibezi. Mwenye mali ana wajibu wa kulinda mali yake. Lakini utalindaje kitu ambacho hukuonyeshwa kilipo? Mama hakujua kwamba hesabu zake zinalala chumba kimoja na vyombo vya fundi. Aliyejua ni fundi. Na msimamo wangu ni huu: anayejua peke yake ndiye anayewajibika zaidi. Kiswahili kina neno la mali ya mwenzio iliyo mkononi mwako. Ni amana.

Wala dawa yake si siri. Watu wa Linux walikubaliana tangu mwaka 1994 namna ya kupanga mafaili: programu zikae /usr, mipangilio ya mwenye mashine /etc, na yanayobadilika kila siku /var. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, haileti faili lako la mipangilio ndani ya furushi. Inaleta la mfano tu, na picha zako zinakaa ndani ya wp-content, mbali na folda za programu zinazobadilishwa kila toleo jipya. Inno Setup, chombo cha kutengenezea visakinishi kilichopo tangu mwaka 1997, kinakuruhusu kuandika amri kwamba faili fulani liwekwe iwapo tu halipo, na jingine lisiondolewe hata programu ikiondolewa.

Kwa hiyo makapu ni matatu. La kwanza ni la fundi: programu yenyewe, hiyo abadilishe atakavyo. La pili ni la mwenye nyumba: hilo haligusi. La tatu ni la karakana: majaribio, rasimu, nywila zake. Hilo halisafiri kabisa.

Kijiweni mshikaji mmoja alinibishia: "Kwa hela ndogo wanayotulipa, nipange kama maktaba?" Nikamjibu hivi. Fundi cherehani wa bei nafuu anaweza kukushonea suruali isiyo na mifuko, nawe ukanyamaza. Lakini hana ruhusa ya kukatakata kitambaa kingine ulichomwachia. Malipo madogo yanapunguza kazi. Hayapunguzi amana.

Na wadaiwa je? Baadhi walikuja wenyewe, wakataja kiasi, wakalipa. Wengine wakaanza kupitia mtaa wa nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mdaiwa na fundi wako kwenye mtihani mmoja. Kila mmoja ameshika jambo la mtu mwingine mahali ambapo jicho halifiki, na hakuna askari wa kumsimamia. Tofauti ni kwamba mdaiwa anamjua mama kwa sura, wakati fundi anapanga mafaili ya watu ambao pengine hatawaona maisha yake yote. Kwangu mimi, wajibu wake hauwi mwepesi kwa sababu hiyo. Unakuwa mzito zaidi, kwa kuwa hata aibu haipo kumsaidia.

Sisi tunaotaka kuwa waandishi tusijione tuko nje. Tunasimuliwa maisha ya watu, tunayafunga ndani ya hadithi, tunayapeleka kwa wasomaji tusiowajua. Kipi ni changu humo, kipi ni cha aliyenisimulia, na kipi kilipaswa kubaki karakana? Mwenzangu, kabla hujafunga furushi lako, wewe umepangaje?