Usome Mwamba Kabla ya Kushika Sururu

Kijana wa Dodoma, usikubali kuambiwa kwamba ardhi yako ni ukame na vumbi tu! Uwanda huu wa kati umekalia miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika. Na miamba hiyo haikumwaga mali yake ovyo. Kila jiwe la thamani liko lilipo kwa sababu, na sababu hiyo inajifunzika.

Tazama Haneti, wilayani Chamwino. Mwamba wenye nikeli uliliwa na mvua na jua kwa karne zisizohesabika. Maji yenye silika yakapenya kwenye nyufa zake, yakaacha humo silika iliyochanganyika na nikeli, ikaganda kuwa krisopresi, kito cha kijani. Anayekitaka aufuate mwamba wa nikeli.

Nenda Winza, Mpwapwa. Huko rubi ilizaliwa kwa joto na mgandamizo wa kina kirefu, na kromiamu kidogo ndiyo iliyoipa wekundu. Mwaka 2008 rubi za Winza ziliwashangaza wafanyabiashara wa vito duniani. Shuka Bahi nako: maji huchukua urani kutoka kwenye granaiti, huishusha hadi mbugani yasikopata njia ya kutokea, kisha jua huyakausha na urani hubaki.

Mahali patatu, njia tatu. Basi kwa nini uuze ng'ombe umlipe mganga akuoteshee pa kuchimba? Mganga hajui krisopresi iliko. Mwamba unajua, nao husema na aliyejifunza kuusoma. Mashimo yaliyochimbwa kwa kubahatisha yamemeza nguvu za vijana wengi, na mengine yamewafukia wakiwa hai.

Elimu haiko mbali. Idara ya jiolojia ilianzishwa hapahapa Dodoma mwaka 1925, na leo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ina ramani na maabara. Tume ya Madini nayo ina makao yake mjini humu.

Kwa hiyo amkeni! Undeni kikundi. Tafuteni ramani ya eneo lenu. Okoteni sampuli, andikeni kila moja imetoka wapi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Zipelekeni zipimwe, kateni leseni, ndipo mchimbe. Wageni huja na ramani mkononi. Mwenyeji asiingie shimoni mikono mitupu.