Je, Kulia ni Kupungukiwa na Imani?

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba kitenzi "kufa" huzaa "kufiwa", na kwamba aliyefiwa si yule aliyekwenda kaburini bali ni yule aliyebaki nyuma. Mwanafunzi ambaye lugha ya kwao ni Kiganda hapati taabu, kwani tayari anayo "okufiirwa" nyumbani. Yule atokaye katika Kiteso au Kilugbara hulishangaa umbo hilo kwa muda, kisha akalizoea. Lakini ni mara chache tunapomwonyesha jamaa yake "kufiwa", nacho ni kitenzi "kuuguliwa". Mtoto huugua, mama huuguliwa. Ugonjwa ni mmoja, nao umewashika watu wawili. Wa kwanza ana daktari, dawa na kitanda. Huyu wa pili, je, sisi tulio karibu naye tumpe nini?

Nimelazimika kulifikiria swali hili kwa sababu mwalimu mwenzangu aliuguliwa na bintiye wa miaka sita, ambaye alifanyiwa upasuaji wa moyo mjini Kampala, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Mimi na dada yake tulipokezana kulala naye wodini juu ya mkeka. Siku zile nilisikia maneno mengi ya kufariji, na karibu yote yalikuwa maneno tunayoyafundisha darasani. Nayaandika hapa kwa kuwa naamini lugha ya faraja ni sehemu ya kazi yetu, kama ilivyo sarufi.

Yafaa kwanza msomaji afahamu ni jambo gani hasa ambalo mama yule alitakiwa kulikubali. Moyo una vyumba vinne. Binti huyo alizaliwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, kwa hiyo sehemu ya damu iliyokwisha kupata hewa safi mapafuni ilikuwa ikisukumwa tena kulekule mapafuni, na moyo ukafanya kazi maradufu. Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo si jambo la ajabu: katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, wapatao wanane huwa na kasoro ya namna moja au nyingine, kubwa au ndogo. Ili kuliziba tundu kama hilo kwa mkono, daktari hupasua mfupa wa kifua, akaunganisha mishipa mikubwa na mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, kisha akausimamisha moyo kwa dawa ya baridi yenye potasiamu. Moyo hutulia kabisa. Hapo ndipo kiraka kinaposhonwa. Kazi ikiisha, damu hurudishwa katika mishipa ya moyo wenyewe, nao huanza kupiga tena.

Mama alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu: "Moyo wake ukisimama, mwanangu mwenyewe atakuwa wapi?" Yule mwuguzi hakujaribu kufundisha dini wala elimu ya viungo. Alisema, "Atakuwa amelala, mama, nami nitakuwa kichwani pake mpaka aamke."

Asubuhi ya siku yenyewe watu walikuja wengi, jamaa, majirani na waumini wa kanisa lake, pamoja na walimu wenzetu Waislamu. Walikuja kwa upendo, na sina neno juu ya nia zao. Lakini sikiliza walivyosema. Wa kwanza alimwambia, "Jipe moyo." Ni usemi mzuri, wala hakuna aliyeukusudia ubaya, hata hivyo, kwa mama ambaye saa ileile moyo wa mwanawe ulikuwa ukisimamishwa nyuma ya mlango, neno hilo lilimchoma, nami nilimwona akijishika kifua. Wa pili alisema, "Usilie, machozi ni kumkufuru Mungu." Wa tatu akasema, "Wewe amini tu, mtoto atapona." Alikuwapo hata mmoja aliyemlaumu kwa kutia sahihi ile karatasi ya hospitali inayoeleza kwamba mtoto aweza kufa katika upasuaji, eti mwenye imani ya kweli hakiri mauti kwa mkono wake mwenyewe.

Tuanze na hilo la machozi, kwa kuwa ndilo lisemwalo zaidi, nalo husemwa kwa jina la subira. Je, subira ni kutolia? Katika Kurani, katika sura ya Yusufu, Nabii Yaakub ndiye anayetajwa kuwa na subira njema. Alipoletewa habari kwamba mwanawe ameliwa na mbwa-mwitu, alishika subira hiyo; na Yaakub huyohuyo alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu kwa kumkumbuka Yusufu bila kukoma, aliwajibu kuwa malalamiko yake anayapeleka kwa Mungu. Yafaa tukumbuke ni akina nani waliokuwa wakimlaumu mzee yule kwa huzuni yake: ni walewale waliomtumbukiza ndugu yao kisimani.

Kadhalika katika Biblia, Mfalme Daudi, mtoto wake mchanga alipougua, alifunga na kulala chini siku saba. Wazee wa nyumba yake walikwenda kumwinua, naye akakataa kuinuka. Mtoto alipokufa ndipo alipooga, akaenda kusujudu, kisha akala chakula. Watumishi walistaajabu, kwani walitarajia kinyume chake. Kwa Daudi, wakati wa mtoto kuugua ndio uliokuwa wakati wa kulia, maana mlango ulikuwa haujafungwa bado. Na kilio chake kilikuwa ndiyo sala yake. Basi, ikiwa nabii na mfalme waliruhusiwa, kwa nini mwalimu wa shule ya msingi aketiye kwenye benchi la Mulago akatazwe?

Hapa sarufi yetu, au tuseme historia ya maneno yetu, yaweza kutusaidia. Husemwa kwamba baada ya dhiki huja faraja. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Dhiki asili yake ni wembamba, mahali palipobana. Na faraja hutokana na mzizi wenye maana ya kufungua na kupanua. Mfariji, kwa hiyo, ni mtu ampanuliaye mwenzake nafasi. Ukimkataza mwenye dhiki asilie, asiogope, asiulize, umempunguzia nafasi ndogo aliyokuwa nayo. Huenda ukawa umejifariji wewe, kwa kuwa kilio cha mtu mwingine hutuchosha na kututisha, nasi hutamani kinyamaze.

Nadhani iko sababu nyingine ya maneno yetu kuwa mengi ukumbini. Tarehe 26 Machi 1954, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, daktari C. Walton Lillehei aliziba tundu la namna hiihii katika moyo wa mtoto wa kiume wa umri wa mwaka mmoja na kidogo. Mashine za kutegemewa zilikuwa hazijapatikana bado. Basi baba wa mtoto alilazwa kwenye meza ya pili, mishipa yake ikaunganishwa kwa mipira na mishipa ya mwanawe, na moyo na mapafu ya baba vikatenda kazi kwa ajili ya wote wawili. Wazazi hao walikuwa wamekwisha kufiwa na binti kwa ugonjwa wa namna iyo hiyo. Tundu lilizibwa vizuri, lakini mtoto alifariki siku ya 11 kwa ugonjwa wa mapafu. Kwa njia hiyo walipasuliwa watu 45, wengi wao watoto, na 28 wakatoka hospitali wakiwa hai. Baadaye mashine ikachukua nafasi ya mzazi, na hapana shaka ni jambo jema, maana hatari ya siku zile ilikuwa ya watu wawili. Illa mzazi wa leo amebaki nje ya mlango pasipo kazi yoyote ya kufanya. Damu yake haitakiwi, mikono yake haitakiwi. Nasi tunaoketi naye hatuna la kufanya vilevile, kwa hiyo twasema.

Na tusemapo twaahidi. Hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. "Amini tu, atapona" ina umbo la faraja, lakini kwa hakika ni ahadi, tena ni ahadi inayotolewa kwa jina la Mwingine ambaye hakutuagiza. Waswahili husema ahadi ni deni. Mtoto asipopona, deni hilo atadaiwa nani? Mwenye kuahidi atakuwa amekwenda zake nyumbani. Watakaobaki na hesabu ni Mungu na mama, na mara nyingi mama atajilipisha mwenyewe: atasema mtoto amekufa kwa kuwa imani yangu ilikuwa haba. Sijui mzigo mbaya zaidi ya huo uwezao kutwikwa mtu aliyefiwa. Ile karatasi ya hospitali, pamoja na ubaridi wake wote, ilimwambia mama ukweli na kumwachia aamue. Aliitia sahihi huku mkono ukimtetemeka. Mimi naona kulikuwa na imani nyingi katika sahihi ile, kwa sababu alijua hakika kile alichokuwa akikikabidhi.

Pengine msomaji ataniuliza: je, tumwache mama bila tumaini? La hasha. Mama mwenyewe alitamani kuambiwa kwamba mwanawe atapona, na daktari alimpa tumaini la haki alipomwambia kuwa wengi wa watoto wenye tundu kama hilo hupona wakapata nguvu. Tumaini la namna hiyo lina msingi, nalo halifichi upande wa pili. Lugha yetu inayo njia ya kulisema pasipo kujifanya wenye kumiliki kesho, nayo ni "inshallah", neno ambalo siku hizi tumelichakaza mpaka likawa adabu ya kukataa mwaliko. Lingefaa kurudishiwa uzito wake. Tena si lazima kila saa ijazwe maneno. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hapana aliyenena naye neno. Siku saba hizo walifanya vyema. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelia na kuuliza.

Ndugu walimu, neno "imani" tunalifundisha kwa maana ya kusadiki. Lakini wenyeji wa lugha hii wamelipa pia maana ya huruma: mtu asiye na imani ni mtu katili, na kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Sidhani kwamba ni bahati tu. Anayemnyamazisha mama kwa ukali ili kuitetea imani ya maana ya kwanza, ameipoteza ya pili. Na sijui kama ile ya kwanza hubaki nzima baada ya hapo. Yule mwuguzi aliyesema "nitakuwa kichwani pake" hakumtaja Mungu hata kidogo, na kwa Kiswahili twaweza kumwita mtu wa imani bila kuuliza husali wapi.

Binti alitoka katika chumba cha upasuaji baada ya saa tano. Moyo wake ulianza kupiga wenyewe. Lakini mtoto wa kiume wa mama mmoja wa Arua, aliyekuwa ametandika mkeka wake kando ya wetu, na ambaye alipasuliwa siku mbili baadaye, hakutoka katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mama wawili hao walikuwa wamesali usiku mmoja, kila mmoja kwa dini yake, na sikuweza kuona tofauti ya imani kati yao. Yeyote asemaye kwamba mmoja alijibiwa kwa sababu aliamini, ni lazima awe tayari kulisema neno hilo mbele ya yule mwingine. Je, basi kushukuru ni vibaya? Hapana; asiyeshukuru mwanawe akifufuka karibu machoni pake ana moyo wa jiwe. Ila shukrani nayo ina mahali pake na sauti yake, na katika hili mwenzangu alinifundisha zaidi ya vitabu nilivyosoma.

Siku ya Jumapili watu wa kanisa lake walifika wodini na ngoma ndogo, wakitaka kuimba. Aliwaomba wasiimbe. Mzee mmoja akamwuliza kwa upole kama anaona haya kumshukuru Mungu hadharani. Akamjibu, "Mzee, nitashukuru nikifika nyumbani. Mwenzangu huyu gari lake halijafika."

Yule mzee aliitazama ile mikeka miwili, akaiweka ngoma chini. Tukakaa na mama wa Arua mpaka saa kumi. Gari lilipofika, mzee ndiye aliyembebea ndoo na jiko.