Rufaa na Mzigo wa Kila Mtu



Ndugu zangu, je, aliyetiwa hatiani kwa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi anastahili kusikilizwa tena?

Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu katika kesi moja: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35. Wakakata rufaa. Tarehe 28 Novemba 2007 hatia ya kula njama ilifutwa kwa wote, na adhabu zikashuka: Nahimana miaka 30, Ngeze 35, Barayagwiza 32.

Kwa asiyejua hadi leo mifupa ya mama yake iko wapi, hesabu hiyo inauma, na sithubutu kumwambia isimuume.

Hata hivyo, tutazame rufaa ilifanya nini. Watatu waliosimama kizimbani pamoja ni rahisi kuonekana mtu mmoja. Majaji wa rufaa waliwatenganisha, wakauliza kila mmoja alifanya nini, na lini. Hatia ya Nahimana na Ngeze ya kuchochea mauaji hadharani ilibaki. Barayagwiza aliondolewa hiyo, lakini hatia yake ya kushawishi mauaji ya kimbari ikabaki. Kilichobaki kimepita kwenye chujio mara mbili. Anayekanusha mauaji hayo hana pa kukishika.

Na sisi tunafundishwa kwamba hakuna abebeshwaye dhambi ya mwenzake. Katika Suratun-Nisaa, wafasiri wanaeleza, aya zilishuka kumsafisha Yahudi aliyesingiziwa wizi wa deraya, ilhali mwizi alitoka miongoni mwa Waislamu na jamaa zake walikuwa wakimtetea. Ngeze naye ni Mwislamu. Aya hizo zinatuzuia kumtetea kwa ajili ya jina lake, na zinatuzuia pia kumtwika asilolifanya kwa sababu tunamchukia.

Katika barua inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar, kadhi anaagizwa asione haya kurejea kwenye haki baada ya kuhukumu. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo: asikilizwe, kwa sababu haki ya waliouawa haiwezi kujengwa juu ya hukumu inayoogopa kukaguliwa.

Wallahu a'alam.