Uzazi wa Mbwa na Maana ya Baraka katika Nchi ya Meru na Embu

John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Kitui aliyechapisha kitabu chake kikuu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, alionyesha kwamba katika fikra za Waafrika uzazi ni njia ambayo ukoo huendelea kuishi na waliotangulia huendelea kukumbukwa. Wameru na Waembu, wakazi wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wamerithi fikra hiyo na kuichanganya na Ukristo, kwa hiyo si ajabu pendekezo la kumhasi mbwa dume, yaani kumwondoa korodani, au kumfunga jike kizazi kwa kumtoa ovari na mji wa mimba, likimkwaza muumini anayeamini kuwa aliyetoa uzazi ni Mungu na mwanadamu hana ruhusa ya kuukata.

Pingamizi hilo lina uzito, na Maandiko yenyewe hulipa nguvu, kwani baada ya gharika wanyama waliotoka safinani waliagizwa waongezeke juu ya nchi, na sura ya 22 ya Mambo ya Walawi inakataza kumtolea Mungu mnyama aliyehasiwa. Hata hivyo, sheria ya Walawi inazungumzia hasa madhabahu, na mfugaji wa Mbeere, huko Embu, anayemhasi ng'ombe dume ili awe maksai wa kuvuta plau, au beberu ili anenepe, hajioni kuwa ametenda dhambi. Ikiwa tendo hilo ni halali kwa ajili ya jembe na nyama, ni vigumu kueleza kwa nini liwe haramu linapofanywa kwa manufaa ya mnyama mwenyewe.

Kiini cha suala kimo katika maana ya baraka. Mtoto wa binadamu huitwa baraka kwa sababu huzaliwa mikononi mwa watu: kuna wa kumpa jina, wa kumlisha na wa kuwajibika akikosea. Jike la mbwa, ambalo huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka na kubeba mimba kwa takribani siku 63, huzaa bila yeyote kuulizwa kama atawapokea watoto hao. Wenye maboma huchagua madume wa kulinda ng'ombe na mashamba, na majike, kwa kuwa huvuta madume wa kijiji kizima, ndio hutupwa zaidi, wafe kwa njaa au wawe mbwa koko wanaozurura sokoni na machinjioni. Kuuita uzazi wa namna hiyo baraka ni kulitumia jina la Mungu kufunika uzembe wa mwenye mbwa.

Madhara humrudia binadamu pia. Mkakati wa taifa wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, ulioanza mwaka 2014, unalenga mwaka 2030, na chanjo huzuia ugonjwa huo kuenea pale inapowafikia angalau asilimia 70 ya mbwa. Lakini mbwa wanapozaliwa na kufa kwa kasi, waliochanjwa hupungua haraka na kazi huanza upya.

Upasuaji wenyewe una masharti yake ya kimaadili. Mnyama hawezi kutoa ridhaa, kwa hiyo anayeamua kwa niaba yake ana wajibu wa kumpeleka kwa daktari wa mifugo, alazwe kwa dawa ya usingizi na kupewa ya maumivu; kumkata mnyama akiwa macho ni ukatili, hata nia iwe njema.

Upande wa pili wa wajibu huo ni kuasili, yaani kumpokea nyumbani mnyama aliyekwisha kuzaliwa na kukosa mwenyewe. Mapokeo ya Kiislamu, yanayofahamika vyema kwa Waislamu wa mji wa Meru, yanasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti leseni za mbwa na vituo vya kuwatunza wanyama, na jambo hilo linastahili kudaiwa kwa sauti ileile inayodai barabara na zahanati. Anayeasili hana haja ya kumkataa jike: jike aliyefungwa kizazi hubweka na kulinda boma kama dume, wala havuti tena madume langoni, na hapo sababu iliyowafanya majike watupwe huwa imeondoka.