Mwamba Ngoma na Mpuliza Saksafoni

Wahenga wametuachia neno kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Neno hili hutumika kumsuta mtu, na pengine kumsamehe, kwani ni tabia ya mkono kuvuta upande wa mwenyewe. Lakini kila fundi wa ngoma anajua jambo ambalo methali imelinyamazia: ngozi iliyovutwa upande mmoja tu hailii. Hulegea upande wa pili, na hata yule aliyeivuta hapati sauti aliyoitafuta. Basi katika bendi, ambamo mmoja hutoka mbele na wengine wakabaki nyuma, suala la kimaadili ni hili: solo ni mali ya nani?

Saksafoni, ambayo wapenzi wa dansi nchini Tanzania waliibandika jina la mdomo wa bata, inastahiki kuulizwa suala hili kuliko ala nyingi, kwa kuwa usiku mmoja hufanya kazi mbili. Mwimbaji anapoimba, hukaa nyuma yake pamoja na tarumbeta, ikimwitikia katika nafasi zilizo baina ya mishororo. Mwimbaji anyamazapo, hutoka ikanena peke yake. Mpulizaji ni yule yule na pumzi ni ile ile. Haki na wajibu ndivyo vilivyobadilika.

Kazi ile ya kwanza Kiswahili huiita kusindikiza, na neno hilo limebeba adabu nzima ndani yake. Amsindikizaye mgeni hamtangulii kana kwamba njia ni yake, wala habaki nyuma hata mgeni akapotea. Hwenda kwa mwendo wa mgeni. Lester Young wa Marekani aliijua adabu hii. Katika santuri alizorekodi pamoja na Billie Holiday kuanzia mwaka 1937, saksafoni yake huizunguka sauti ya bibi yule bila ya kuifunika. Inasimuliwa kwamba alishikilia kuwa mpiga muziki sharti ayajue maneno ya wimbo, hata kama hatayaimba. Mshairi yeyote ataielewa hoja hiyo, kwani hawezi mtu kujibu asichokisikia.

Tarehe 8 Desemba 1957, wawili hao walikutana mbele ya kamera za televisheni ya CBS mjini New York. Young alikuwa dhaifu wa afya. Zamu yake ilipofika alisimama, akapiga mzunguko mmoja wa bluzi, vipimo 12 tu, taratibu na kwa noti chache, huku Holiday akimtazama na kutikisa kichwa. Coleman Hawkins na Ben Webster, mabingwa wa saksafoni, nao walipiga katika wimbo huo huo, na walipiga vizuri. Hata hivyo, wengi wanaoutaja wimbo ule leo huanza na vile vipimo 12. Young alifariki Machi 1959, na Holiday akamfuata Julai ya mwaka huo huo.

Yamkini msomaji atahitimisha hapa kwamba wema wa mpiga solo ni kusema machache. Hitimisho hilo lingekuwa jepesi mno, na kisa cha Newport kinalipinga. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, katika tamasha la jazi mjini humo, Duke Ellington alimwachia Paul Gonsalves, mwana wa wahamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde, nafasi iliyo kati ya vipande viwili vya muziki alivyovitunga mwaka 1937. Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya bluzi kwa pumzi moja ya fikra, mfano wa beti 27 katika bahari moja. Watu waliinuka vitini. Mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi alianza kucheza, na uwanja mzima ukachemka. Je, mtu huyu aliivutia ngozi kwake?

Jawabu limo katika ajali ndogo. Gonsalves alielekeza saksafoni yake kwenye kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Amerika, badala ya kile cha kampuni iliyorekodi santuri. Kwa hiyo katika santuri iliyotoka mwaka ule, solo husikika kwa mbali. Ilikuwa mwaka 1999 ndipo utepe wa redio ulipounganishwa na ule wa kampuni, na solo ikasikika ilivyostahiki. Zaidi ya miaka 40, basi, wasikilizaji waliisikia saksafoni ikiwa mbali, huku besi ya Jimmy Woode, ngoma za Sam Woodyard na kelele za umati zikiwafikia wazi. Na bado waliusikia moto. Moto huo ulikuwa umewashwa na wengi.

Kwa hivyo urefu wa solo sio mizani ya wema wake. Vipimo 12 vya Young na mizunguko 27 ya Gonsalves vina asili moja: kila mmoja alikuwa akitumia wakati aliopewa na wenziwe. Kitu cha namna hiyo kina jina lake, nalo ni amana. Aliyepewa amana hana ruhusa ya kuigeuza milki yake. Wala hana ruhusa ya kuitupa. Mpulizaji anayejinyima zamu yake kwa kujidai mnyenyekevu huwaacha wenziwe wakimsindikiza mgeni asiyekwenda popote. Woga nao huvaa kanzu ya adabu.

Katika taarabu, watu huinuka wakaenda kumtunza mwimbaji fedha mkononi, na nyuma yake mpiga dumbaki haachi kupiga, maana akiacha, hapatakuwa na wimbo wa kutunziwa. Ni haki mkono wa mwimbaji ujae, kwani yeye ndiye aliyethubutu kusimama. Lakini fedha ile nayo ni ngozi ya ngoma. Itakapohesabiwa baada ya watu kutawanyika, ndipo itakapojulikana kama aliyekuwa mbele aliwasikia waliokuwa nyuma.